Nusu ya Nyumba ya Verna

Lori lilipoingia uani, Verna alikuwa anapanda mahindi. Serikali ya Marekani ilikuwa imeziba mto Missouri kwa bwawa kubwa, na maji yalikuwa yakipanda bondeni. Watu wa kabila lake, Wahidatsa, wenyeji wa bonde hilo tangu kale, walikwisha kuhamia juu, kwenye nyanda za upepo kusikoota kitu cha maana. Mjane huyu peke yake ndiye aliyebaki, na jembe lake.

Aliyeshuka kwenye lori alikuwa Clement, mdogo wake. Hawakuwa wamesemeshana tangu Clement alipokwenda kufanya kazi ya kujenga bwawa hilo.

"Hujambo, dada?"

Verna hakuinua kichwa. "Wamekutuma uje uone kama nimeshazama?"

"Nimekuja kuhamisha hii nyumba ya mbao, nzima kama ilivyo. Lori nimeazima kwa rafiki."

"Na mikono je? Si ile ile iliyomwaga zege?"

"Nina watoto, dada. Kwani nisingekwenda mimi, bwawa lisingejengwa?"

"Lingejengwa. Ila lisingejengwa na mtoto wa mama yangu."

Clement akakaa kwenye ngazi za mlango, akangoja. Verna aliendelea kufukia mbegu, mstari baada ya mstari, mpaka maji yalipoanza kuingia pembeni mwa shamba. Yalikuja kimya kimya, yakiwa na povu na vijiti. Akaona punje alizozifukia asubuhi zikifumuka na kuelea. Akasimama akizitazama. Kisha akatupa jembe.

"Haya, inua hiyo nyumba. Unangoja nini?"

Wakaiinua kwa jeki, wakapitisha magogo chini, wakaifunga kwenye lori kwa minyororo. Clement aliendesha polepole. Verna alifuata kwa miguu, akipiga kelele kila nyumba ilipoyumba. Mlima ulipokuwa mkali zaidi, mbao zikalia, nyumba ikapasuka katikati. Jiko na chumba alichofia mumewe vikaporomoka bondeni, vikavunjika vipande vipande.

Clement alizima injini, akashuka, akaketi chini na kulia kama mtoto.

Verna alitaka kumtukana. Maneno alikuwa nayo, aliyaweka akiba muda mrefu. Lakini alipomwona yule mwanamume mzima kamasi zinamtoka, akashindwa hata kuanza. Akateremka kwenye kifusi, akavuta sufuria moja na mabati mawili.

"Inuka," akasema. "Usiponisaidia wewe, nani ataziba huu upande?"

Walifika juu na nusu ya nyumba. Upepo ulikuwa unapita ndani utakavyo. Clement alikaa naye wiki nzima akipigilia mbao, na maongezi yao yalikuwa ya misumari na mbao tu. Upande uliokatika ulielekea bondeni, ambako sasa maji yalikuwa yametanda hadi upeo wa macho.

"Hapa nikuwekee dirisha?" Clement akauliza.

"La nini? Ziba."

Akaziba. Verna akammiminia kahawa, akamwekea kikombe karibu na nyundo, akatoka nje kutafuta mahali penye udongo wa kupanda mahindi.