Simu ya Mama Haina Rangi

Kwenye majaribio ya mtandaoni Raheli hakuwa na mpinzani. Dakta Hilda alifundisha kemia ya mwaka wa kwanza kwa mtindo wa nusu kwa nusu: mihadhara mnaitazama wenyewe kwenye simu na kujibu maswali machache, kisha mkifika chuoni Chimwaga hakuna tena kusinzia viti vya nyuma, ni kukokotoa na kuingia maabara. Wapo walionung'unika kwamba hawakulipa ada ili wafundishwe na simu. Raheli alimshukuru Mungu. Pale asipoelewa alirudisha nyuma, akarudisha tena, na simu haikumkunjia uso hata siku moja. Mwalimu gani wa sekondari angemvumilia hivyo?

Balaa lilikuwa maabara. Kuna lile zoezi la kudondosha besi kutoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wenye koki, kuingia kwenye chupa ya asidi, mpaka kiashiria, ile dawa iliyotiwa kwenye asidi, kigeuke. Hapo unafunga koki na kusoma kipimo. Raheli alikuwa amelifanya mara mbili, na mara zote mbili akaambiwa amepitiliza. Mara ya pili alifungua koki taratibu zaidi, akapitiliza taratibu zaidi. Sasa ilibaki nafasi moja tu, Jumatano. Akiikosa, kozi nzima angeirudia mwakani, na kule kwao, mbele ya Msalato, mama yake alishawatangazia watu wa kanisani kwamba binti anakuja kuwa mwalimu wa sayansi.

Jumanne akajikaza, akabisha hodi ofisini kwa Dakta Hilda.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nilikuwa nakuwaza wewe. Mtu anapata maswali yote, halafu maabara anazama. Koki unaifunga wakati gani?"

"Chupa ikiingia giza, Dakta. Kama kwenye video."

"Giza?" Dakta Hilda akaweka kalamu chini. "Hebu nionyeshe hiyo video."

Raheli akaitoa simu. Ilikuwa ya mama yake. Siku ya kuondoka nyumbani mama alimkabidhi, akabaki yeye hana, na tangu hapo kila kilichopita kwenye kioo kile kilikuwa cha kijivu. Raheli hakuona ajabu. Alijua kuna simu za wenye nazo na kuna za akina sisi, na aliyepewa hakagui. Video ikaanza. Mkono wa Dakta Hilda ulidondosha, ukatikisa chupa, na sauti yake ikasema, "Mkiona hivi, acheni hapo hapo." Kwenye chupa hapakuonekana chochote. Matone kadhaa baadaye ndipo maji yakaanza kuwa meusi.

"Hapo," alisema Raheli, akionyesha ule weusi. "Sauti imetangulia picha. Mtandao wa Nzuguni, kwa mama mdogo ninakokaa, ndivyo ulivyo."

Dakta Hilda alimtazama, akaitazama simu, kisha akacheka mpaka akavua miwani. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeokota kitu alichokitafuta muda mrefu, na Raheli naye akajikuta anacheka bila kujua wanacheka nini.

"Mwanangu, umesoma kemia bila rangi, na bado unawaongoza wenzako!"

Akaingia kwenye mipangilio, akabonyeza mahali. Rangi zikarudi. Kitenge cha Dakta kwenye video kumbe kilikuwa cha njano. Na pale sauti iliposema "hivi", maji yalikuwa na wekundu mdogo sana, kama maji yaliyosuuza kikombe cha divai kanisani. Ule weusi wake ulikuwa waridi iliyokolea, ambayo Dakta aliiongeza makusudi kuonyesha rangi ya mtu aliyekwisha kuharibu.

"Kosa ni langu pia," alisema Dakta Hilda. "Nimesema 'mkiona hivi', nisijiulize mnaona nini. Leo leo nairekodi upya, na rangi nitaitaja kwa mdomo. Asante kwa kuja."

Raheli alitoka ofisini. Alikwenda kujitetea, akarudi ameshukuriwa.

Jumatano alisimama mbele ya bureti. Tone, akatikisa. Tone, akatikisa. Wekundu ukaja, ukafifia, ukaja tena ukabaki, mdogo kiasi cha kuutilia shaka. Mkono wake uliozoea kungoja giza ulitaka kuendelea.

"Mbona umeacha mapema?" Anthony, wa meza ya pili, alimnong'oneza. "Si utafeli tena?"

"Nimefika," alisema Raheli, akafunga koki.

Dakta Hilda alisoma kipimo, akarudia kukisoma, akamshika bega. "Umefaulu." Raheli alilia pale pale, na koti la maabara likafanya kazi ya leso.

Jumapili baada ya ibada simu iliita. Mama alikuwa ameazima ya jirani yao, mzee Bartolomayo.

"Mbukwa, mama," Raheli alimwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mwanangu. Masomo?"

"Nimefaulu ile ya maabara, mama!"

Mama akapiga kigelegele, na huko nyuma mzee Bartolomayo akasikika akiuliza kuna nini. Raheli alikuwa ameshaiandaa hadithi ya rangi wacheke pamoja. Lakini mama akamtangulia.

"Na simu, haikusumbui? Kabla sijakupa nilimpelekea fundi. Nikamwambia atoe rangi zote, akasema hivyo chaji inakaa. Nilihofia siku nikupigie nikukose."

Hadithi ikamfia Raheli mdomoni.

"Haisumbui, mama," alisema. "Chaji inakaa sana. Asante, mama. Asante sana."

Walipoagana aliingia kwenye mipangilio, akabonyeza pale alipoonyeshwa na Dakta, na simu ikarudi kijivu. Rangi angeiwasha wakati wa video. Siku nyingine zote, mama akipiga, ampate.