Simu za Mbao

Dalmas, fundi seremala wa Kisumu Ndogo, Kibera, hakuwa mtu wa kumhoji mteja. Mulei, kijana wa Kawangware mwenye kamera, alipoagiza vipande kumi na viwili vya mbao, kila kimoja saizi ya simu, vipakwe rangi nyeusi mpaka ving'are, Dalmas alipiga randa na msasa tu. Nyuma ya kila kimoja akatia chale tatu kwa patasi. Marehemu Jeconia, aliyemfunza kazi, alimuusia kwamba kitu kisicho na alama ya fundi wake ni yatima.

Mkewe Aluoch ndiye aliyevipeleka Kabiro, kule Kawangware. Aliondoka asubuhi, akarudi saa kumi na moja jioni na kusema kwamba walipungukiwa na mtu wakamtia kwenye picha. Dalmas akadhani ni picha ya harusi.

Mwezi mmoja baadaye wakaalikwa kuitazama filamu yenyewe, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kanisa huko Kabiro, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Filamu gani hiyo, jamani. Haikuwa na kichwa wala miguu. Mvua ilipanda kutoka kwenye mabati kurudi mawinguni. Nyuso zilikuja moja moja, zimeinamia simu, zimemulikwa na mwanga wa buluu. Waliokaa mbele walitikisa vichwa kana kwamba wameelewa. Dalmas hakuambulia kitu.

Kisha akatokea Aluoch. Alikuwa ameketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji, anatazama simu, anacheka. Kilikuwa kicheko cha kutoka tumboni, mkono mdomoni, machozi yakimlengalenga. Akainama akainong'oneza ile simu neno lisilosikika. Miaka minane Dalmas hajakiona kicheko hicho nyumbani kwake. Wivu ukampanda. Nani huyo anayemchekesha mke wake hivyo?

Filamu ilipokwisha alimkabili Mulei mlangoni, akamuuliza ni nani aliyekuwa kwenye simu ya Aluoch. Mulei akajikuna kichwa.

"Mzee, hakuna story hapo. Ni feeling tu. Watu wanatorokea kwa simu."

"Sijakuuliza story. Nimekuuliza nani."

Mulei akafungua katoni, akampa kitu cheusi. Dalmas akakigeuza, akaona chale tatu. Mulei akaeleza kwamba simu za kweli ziliingiza meseji kila dakika zikamharibia kazi, ndiyo maana akataka za mbao. Ule mwanga ulikuwa wa tochi. Dalmas alicheka mpaka akashika ukuta. Mwanamume mzima ameonea wivu mbao aliyoiranda mwenyewe. Akaomba apewe kile kipande, akakitia mfukoni.

Walirudi Kibera kwa miguu. Walipofika kituo cha Olympic kicheko kilikuwa kimemwisha, na swali lingine limeota mahali pake.

"Mama Osewe, kwani uliona nini kwa hiyo mbao?"

Aluoch akasema Mulei aliwaambia kila mtu aende mahali roho yake inataka. "Nami nikaenda."

"Wapi?"

"Sijui nikuambie aje. Kulikuwa tu na nafasi ya kupumua."

"Na mimi nilikuwa huko?"

Aluoch alifikiri kwa makini, kama mtu anayetafuta ufunguo mkobani.

"Hapana, Baba Osewe. Hukuwa. Hata sikukukumbuka."

Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchanganya Dalmas zaidi. Walipofika penye tope, mkewe alimshika mkono asiteleze, kama siku zote.

Nyumbani, Aluoch alichambua omena, dagaa wa chakula cha jioni. Dalmas aliketi mezani na kile kipande. Kama mpinzani wake angekuwa mwanamume, Dalmas angejua pa kumfuata na la kumwambia. Sasa atagombana na nani? Alikiinamia kama wale watu wa kwenye filamu, chai ikapoa mbele yake. Mwishowe Aluoch akamuuliza anatazama nini.

"Nakutafuta," akasema.

Aluoch akachukua kikombe, akaenda kuipasha chai moto.