Kibati cha Arobaini na Moja

Kila asubuhi, kabla ukungu wa mlimani haujainuka, mtunzaji wa mgodi wa kale alifuta vumbi kwenye ubao wa vibati. Zamani kila mchimbaji alikuwa na kibati chake cha shaba: akishuka shimoni anakichukua, akipanda anakirudisha kwenye msumari wake. Msumari wa arobaini na moja tu ulikuwa mtupu, miaka hamsini na nane sasa, tangu babu yake mtunzaji aliposhuka asipande tena.

Getini, bango la kampuni lilisema: HAPA HAKUPOTEA MTU HATA MMOJA. Bibi yake mtunzaji, mke wa babu huyo, alikuwa ameshuka mlima mara tisa kwenda ofisini kuomba lirekebishwe. Walimjibu kwamba eneo lote linalindwa kisheria, bango likiwemo.

Jumanne moja kibati cha arobaini na moja kilikuwa kwenye msumari wake, kikidondosha maji. Chini yake, kwenye benchi, babu alikuwa akifungua kamba za buti. Alikuwa bado na miaka ishirini na sita.

"Zamu imekuwa ndefu," alisema. "Kuna chai?"

Mtunzaji akammiminia, kisha akaenda kumwita bibi, ambaye alifika mbio, mkongojo kwapani.

"Umechelewa."

"Nilisema nitarudi. Sikusema saa ngapi."

"Mdomo ni uleule!" Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. "Haya, mke mwenza," alimtania mjukuu wake, "mletee mumeo taulo. Na usimkodolee macho, bi mkubwa ni mimi."

Kesho yake walishuka ofisini wote watatu, babu kambeba bibi mgongoni. Karani alikigeuza kibati, akamtazama babu juu mpaka chini, akagonga mhuri.

"Hongereni sana," alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Basi bango liko sahihi."

"Na ile miaka yangu hamsini na nane?" bibi aliuliza.

Karani aliitafutia nafasi kwenye fomu, hakuiona.

Mwezi uliofuata mtunzaji aliletewa kopo la rangi alipake bango upya, herufi zilezile. Alipaka bila haraka. Bibi alikaa kwenye benchi na chupa ya chai, maana babu alikuwa ameshuka kuwatembeza wageni. Saa kumi kamili kibati kiligonga msumari, ting, na bibi akaanza kucheka kabla hata hajamwona.