Tuweke Mkiani, Mume Wangu

Mume wangu ni mtangazaji wa michezo redioni. Kila mwaka, kabla ligi ya mpira wa kikapu haijaanza, huzipanga timu nane katika kipindi chake cha jioni, kuanzia ya mwisho kwenda ya kwanza. Kila mwaka ya mwisho ilikuwa timu yetu, Washonaji, na nahodha ni mimi. Siku hizo nyumbani kwetu kulikuwa hakukaliki.

Mwaka huu asubuhi ya kipindi nilimtengea chai mwenyewe, nikamwambia kwa upole usio wangu, "Leo utuweke mkiani, kama kawaida yako."

Akaweka kikombe chini. "Siwezi. Juzi nilipokufuata mazoezini niliwaona."

Nikajuta kumruhusu aje. Sisi sote tunashona sare za shule katika karakana moja. Mmoja anaunga kola, mwingine mikono, mwingine anapiga vifungo, na shati linapita mkono kwa mkono bila mtu kuinua kichwa, maana ukiinua kichwa sindano inakula kidole. Uwanjani ni vivyo hivyo. Natupa mpira bila kutazama, kwa sababu najua mwenzangu alipo. Shida yetu ilikuwa kufunga tu, na sasa tumempata Mlingoti, mpiga vifungo mpya ambaye kila mlango lazima auinamie. Akipewa mpira chini ya kikapu, hakosi.

Mechi ya kwanza tunacheza na mabingwa, timu ya benki, ambao wakicheza nasi huchezesha wachezaji wa akiba tu. Shangazi yangu, mkata vitambaa na kocha wetu, aliamua tuwanyamazie mpaka siku hiyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, alisema.

"Ukitusifu watakuja na kikosi kamili," nikamwambia mume wangu. "Utakuwa umetuchongea."

"Nikidanganya redioni mara moja, kesho nani ataniamini?"

"Mimi."

"Wewe? Hata nikisema mvua inanyesha unatoka nje kuhakikisha."

Akaenda kazini bila kuniahidi lolote.

Jioni tulizima mashine, tukaizunguka redio juu ya meza ya kukatia.

"Nafasi ya nane," sauti ya mume wangu ikasema, "Walimu."

Shangazi akanigeukia. "Mumeo ametuuza."

Ya saba wakatajwa Zimamoto. Nikaapa mbele ya wote kwamba huyo mtu leo atalala sebuleni. Ya sita, si sisi. Ya tano, si sisi. Kufika ya nne hakuna aliyenilaumu tena. Muunga kola, ambaye amecheza nami tangu tulipokuwa tukifungwa hadi tunaona haya kurudi nyumbani, alinishika mkono akaubana. Ya tatu, bado.

"Nafasi ya pili," akasema, "Washonaji. Wanawake hawa hawatazamani na mpira haupotei. Wana mchezaji mrefu, mpya, ambaye hakuna beki wa kumzuia katika ligi hii. Nimewadharau miaka yote hii huku nahodha wao nikiishi naye, na nilikosea."

Vigelegele vikapigwa. Mlingoti alikuwa analia. "Urefu huu nimechekwa nao tangu shuleni," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nausikia ukisifiwa." Na mimi machozi yalinitoka, sifichi. Nilimpenda yule mwanamume kuliko siku ya harusi.

Kipindi kilipokwisha nikampigia simu.

"Umefurahi?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayengoja shukrani.

"Ya pili?"

"Ya pili. Ya kwanza nimewapa Benki."

"Benki wana nini ambacho sisi hatuna?"

"Mke wangu, asubuhi ulitaka muwe wa mwisho."

"Asubuhi ilikuwa asubuhi. Nakuuliza, wana nini?"

"Sasa si watakuja na kikosi kamili? Mtaona wenyewe."

Nikageuka kuwaeleza wenzangu. Mlingoti alikuwa ameshapangusa macho na anafunga kamba za raba zake. Shangazi, mwenye mpango wa kunyamaza, alikuwa anafunika mashine moja baada ya nyingine.

"Waje na kikosi chao kamili," akasema. "Twendeni uwanjani."