Mwiko wa Pascalia

Wewe umewahi kuona mwiko wa kusongea ugali ukipakwa chaki ya pool? Basi pale Khayega, nyuma ya duka la mbolea, Makhanu aliupaka kila siku, na kila siku kinyaa kilimpanda kooni.

Mwiko ulikuwa wa Pascalia, mpishi wa kibanda cha mlango wa pili. Ulinuka omena, na unga uliokauka ulimnata vidoleni. Osiako, mwenye meza, ndiye aliyebuni huo ujanja. Makhanu akishika fimbo ya kweli, hakuna aliyethubutu kucheza naye. Akishika mwiko, mgeni alicheka, na akishacheka tu anaweka dau.

Siku hiyo mgeni alikuwa Lusweti, mkata miwa kutoka Malava, jogoo mwekundu kwapani, anampelekea baba mkwe.

"Mzee, unapika ama unacheza?"

"Nabahatisha tu, kijana wangu."

Gemu ya kwanza Makhanu alishindwa. Alikosa mpira uliokuwa mdomoni kabisa mwa shimo, akajikuna kichwa kama walivyopanga na Osiako.

"Rudieni, na jogoo awe dau," Osiako akasema. "Ama unaogopa mwiko?"

Watu wakacheka. Lusweti akamfunga jogoo kwenye mguu wa meza.

Hakupata zamu ya pili. Makhanu aliugeuza mwiko, mpini mbele, akaifukia mipira yake saba mmoja mmoja, kisha ule mweusi. Jogoo akanya karibu na kiatu chake.

Lusweti hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la nje, mikono juu ya magoti. Angefikaje kwa wakwe hivyo?

Jogoo akachinjwa. Pascalia aliusuuza mwiko kwa kikombe kimoja cha maji, akasonga obusuma nao, na sima ikatoka na mstari mwembamba wa chaki ya buluu. Makhanu aliuona. Osiako pia aliuona, akamega papo hapo.

"Mwenye boma apewe yake," Osiako akasema, akimsogezea sahani. Juu ya nyama ilikaa imondo, ile firigisi ambayo kwao hailiwi na yeyote ila mkubwa wa nyumba. Saa hiyo ingekuwa mbele ya baba mkwe wa Lusweti.

Makhanu akaitia mdomoni. Ikakaa tu, haitafuniki, haimezeki. Akaitema kiganjani.

"Haijaiva?" Pascalia akauliza.

Makhanu akainuka. Alitoka nje, akaketi benchini kando ya Lusweti, ngumi ameifumba.

"Umekuja kunicheka tena, mzee?"

"Hapana." Mafuta yalikuwa yakimchuruzika katikati ya vidole, yakidondokea vumbini. "Ile gemu ya kwanza, nilikosa makusudi."

Lusweti akamgeukia polepole.

"Si wewe peke yako," Makhanu akasema. "Nyinyi wote. Nakosanga makusudi."