Lenga Meli Inakoelekea

Wivu wa Felicitas haukuwa wa kununa tu, asikudanganye mtu. Vita vya Amin vilituachia nyumba bila mabati, kisha Juliana, ndivyo tulivyouita ukimwi, akaja kuchukua wenye nyumba. Miaka ile ya mwanzo wa tisini Felicitas alikuwa amemzika shemeji yake, aliyechukuliwa na Juliana, kijijini Kimwani, na wazee wa ukoo walimtaka mumewe, Mushumbusi, amrithi mjane, Anatolia. Mushumbusi aliapa mbele ya padri kwamba hataki. Kwa hiyo mume akichelewa kurudi, Felicitas hakujiuliza yuko na nani tu. Alijiuliza nani atamlelea wanawe.

Na Mushumbusi alichelewa kila Jumamosi. Alikuwa mtunza stoo katika duka la vitenge la Sumitra, binti wa marehemu mzee Thakorbhai, pale Bilele, mjini. Duka linafungwa mchana, yeye anafika nyumbani Hamugembe jioni, anatabasamu peke yake. "Tulikuwa na kazi ya kompyuta," anasema. Kompyuta! Felicitas alivumilia, uvumilivu ukamwishia, akajifunga kitenge kiunoni akaenda.

Aliusukuma mlango wa ofisi bila hodi. Hao hapo, bega kwa bega mbele ya kioo kinachowaka.

"Nilikwambia usifyatue mapema!" Sumitra alikuwa akifoka.

"Mnaona raha?" Felicitas akauliza.

Mushumbusi aliruka. Sumitra akashusha miwani, akacheka mpaka akakohoa. "Mama Koku, karibu! Mumeo huyu ananizamishia nyambizi. Hebu kaa wewe ujaribu."

Sijui ni aibu au hasira iliyomkalisha. Kumbe ni mchezo, kaka yake Sumitra ameutuma kutoka Uingereza. Uko ndani ya nyambizi, chini ya maji, unachungulia meli za adui kwa darubini na kuzipiga kwa torpedo, kombora la majini. Mashine ingeweza kulenga yenyewe, lakini Sumitra hakutaka hata kusikia. "Ikinilengea, mimi nimekaa hapa kufanya nini?" Akamwonyesha Felicitas namna ya kulenga kwa akili yake: urefu wa mlingoti unakupa umbali, muda wa meli kuvuka mstari unakupa mwendo, ubavu wake unakuambia inakwenda wapi.

Felicitas akalenga katikati ya meli, akafyatua. Torpedo likapita nyuma. La pili nalo nyuma.

"Loo, mbona inanikimbia?"

"Haikukimbii, ina safari yake. Wewe unalenga ilipo, torpedo likifika imeshaondoka. Lenga inakoelekea, uisubiri huko."

La tatu likaipasua meli. Felicitas akapiga vigelegele, akamtazama mumewe kwa mapenzi. Masikini, kumbe alimsingizia bure!

"Na vile vitenge vinakupendeza?" Sumitra akauliza. "Kila mwisho wa mwezi anakuchagulia kizuri kuliko vyote."

Felicitas hakuwa amepewa hata leso ya kupengea kamasi. Mushumbusi aliinama ghafla kufunga kamba za viatu.

"Vinanipendeza sana," Felicitas akajibu.

Na kila mwisho wa mwezi ndipo Mushumbusi alipokuwa akienda Kimwani kuwapelekea chumvi watoto wa marehemu ndugu yake. Moyo ulimwaka mama wa watu, usingizi ukamkataa. Amfuate nyuma? Akifika atakuta maneno matupu. Mwendo wa mumewe aliujua: Muleba lazima ateremke, anyoe ndevu, anywe lubisi, ile pombe ya ndizi, kisha asubiri gari la mchana. Siku ilipofika alimsindikiza kituoni, akampungia mkono, halafu akapanda pikapu inayokwenda Kimwani moja kwa moja.

Anatolia alimfungulia mlango. Alikuwa amekonda, kitenge kipya kinamzunguka mara mbili. Desturi ni desturi, akaleta kibakuli cha kahawa ya kutafuna. Felicitas akakipokea, akakaa nacho juu ya nyasi safi zilizotandikwa sebuleni. Wivu uliokuwa ukimchoma ukageuka hofu ya Juliana.

Mchana Mushumbusi akaingia, ndevu zimenyolewa, chumvi mkononi, kitenge kwapani. Hakupiga hodi. Mwenye nyumba hapigi hodi kwake.

"Karibu, Baba Koku," Felicitas akamwambia, akamnyooshea kibakuli. "Chukua, utafune. Tangu leo kwangu wewe ni mgeni. Mgeni hupewa kahawa. Kitanda hapewi."