Mikono Kumi na Miwili ya Kuvunja

Fundi wa mikono ya bandia alikuwa amebakiwa na nafasi moja. Mikono aliyotengeneza ilikuwa ya mifupa ya plasta ndani ya ngozi ya mpira, na daktari aliyefundisha wapasuaji kuunga mifupa iliyovunjika alishairudisha mara mbili.

"Hii umeikata kwa msumeno. Nani anavunjika vizuri hivi? Nikiirudisha tena, kazi nampa mwingine."

Fundi akaenda na mkono mmoja nyumbani kuufikiria, akauweka kwenye kabati la sufuria. Mama mkwe wake alipofungua kabati na kukuta vidole vinamnyooshea, hakuuliza wa nani. Aliushushia mchi.

Fundi akaupeleka vivyo hivyo kwa daktari. Daktari akaupiga picha ya eksirei, akatabasamu.

"Huu umevunjika kweli. Aliyeupiga alikuwa na hasira, tena anatumia mkono wa kushoto. Niletee kumi na miwili kama huu, kesho."

Fundi akarudi mbio, akaipanga mikono mezani, akamkabidhi mama mkwe mchi. Lakini mama sasa alijua ni mpira. Akaugonga wa kwanza taratibu, kama anayebisha hodi ugenini.

"Siwezi, baba. Haijanikosea kitu."

Fundi akakuna kichwa, akasogea mpaka mguu mmoja ukawa nje ya mlango.

"Mama," akasema kwa adabu zote, "ule mchuzi wako, miaka sita sasa, mimi na binti yako tunamwagia paka. Na paka naye hali."

Kazi iliisha kabla chai haijapoa. Fundi alikula kwa jirani wiki nzima.